Saiba ya kuombea kazi za kompyuta serikalini, Malindi

Ukiwinda kazi ya kompyuta kaunti au wizarani, saiba hii (duka la intaneti) ya Malindi mjini inafaa, ila uwe macho. Skana yao ni safi, na makaratasi ya uadilifu wanayajua: ya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), CRB (rekodi za madeni), EACC (tume ya kupambana na ufisadi), hata hukukumbusha muhuri wa kamishna wa viapo. Kasoro ni fomu C24 ya alama za vidole, ya cheti cha maadili mema. Huichapa kwa karatasi mbili, ilhali yatakiwa A4 moja, mbele na nyuma. Ukifika Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) na mbili, utarudishwa. Simama hapo kwenye printa. Nenosiri la eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) nalo liandike mwenyewe, usimwachie mhudumu. Feni? Sahau.