TAHADHARI: Anayeuza raketi za tenisi "orijino" kwa bodaboda hapa Mwanza

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa wazazi mnaoanza kupeleka watoto tenisi: kuna mtu anauza raketi kupitia status za WhatsApp. Anadai ni orijino, duka liko Makoroboi, unaletewa mpaka ulipo. Nimemlipa laki moja na themanini. Msimtumie hela.

Mwanangu ana miaka 9, na nilimwambia muuzaji hivyo kabla ya kutuma hata shilingi. Akanitumia picha za raketi ya kaboni, fremu kipande kimoja, akasema inamfaa kabisa. Nikatuma nusu. Nusu nyingine alitaka niimalizie bodaboda akifika, kabla sijafungua. Mzigo ulikuja ndani ya kava, na juu yake nailoni imebanwa kwa moto. Muuzaji akaniambia: "Mama, ukichana nailoni sipokei kurudishiwa." Nikakubali.

Nilipoichana nikakuta pale juu ya mpini, fremu inapogawanyika kuelekea kichwani, pameungwa kwa kipande cha plastiki. Hiyo ni alumini. Igonge kwa kucha, inalia kama sufuria. Ya kaboni sauti yake ni butu. Jina la kampuni ni stika, lilibanduka. Ubavuni imeandikwa gramu 260 bila nyuzi. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nikaipandisha kwenye mizani yangu: 325. Nyuzi zenyewe ni kama gramu 20 tu!

Alumini si mbaya kwa anayeanza, na bei yake ni ya chini. Ndiyo maana inaniuma kutozwa bei ya kaboni.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni urefu. Kaleta ya inchi 27, ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 9 au 10 kwa kawaida hutumia ya inchi 25, wa miaka 7 au 8 inchi 23. Kocha alimsimamisha wima, mkono umeshuka ubavuni, raketi kichwa chini. Ikimfaa, inafika chini bila mtoto kujipinda. Wangu ilibidi akunje kiwiko na kupandisha bega. Alicheza dakika chache, akaiweka chini akishika kifundo cha mkono. Nikampigia muuzaji. "Atakua nayo hiyo," akakata simu. Tangu hapo hapatikani.

Watu wazima nao anawabebesha nzito za "mabingwa". Anayeanza anafaa kutafuta gramu 255 hadi 285 bila nyuzi, kichwa cha inchi za mraba 100 hadi 110, ili hata mpira usiogonga katikati uvuke wavu. Mpini ukiushika, kidole cha shahada cha mkono wa pili kipite kati ya ncha za vidole na kiganja.

Muuzaji yeyote mwambie mkutane uwanjani, ufungue, kocha aishike, ndipo utume hela. Akikataa, ondoka.

Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na ujumbe wa malipo nimeupeleka polisi. Jana jirani kanionyesha status ya namba nyingine: raketi zile zile, zimelazwa kwenye kochi la kahawia lililochanika mkono wa kushoto, nyuma pazia la kijani. Picha zangu zina kochi hilo hilo. Ukiliona, ni yeye.