Desmopresini ya vidonge na ya kupuliza puani, nimetumia zote mbili

Vidonge navipa nyota 4, ya kupuliza 3, naeleza kwanini.

Kwa asiyeijua, desmopresini ni vasopresini ya kutengenezwa maabara iliyobadilishwa kidogo. Vasopresini yenyewe ni homoni ya ubongo, kazi yake kubwa ni kuziambia figo zibakize maji. Mimi ya kwangu haitoki ya kutosha, ugonjwa wenyewe unaitwa diabetes insipidus, na bila dawa ni balaa, kuna wenzangu wanafika mpaka lita 20 za mkojo kwa siku, mkojo mweupeee na kiu haikatiki hata unywe vipi. Jina linafanana na la kisukari ila sukari haihusiki hapa kabisa, so msianze kunishauri niache wanga.

Sasa utendaji wake, hapa naisifia kwa kweli. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, nyingi zinarudi kwenye damu zenyewe tu, ila kile kipande cha mwisho kwenye mirija ya kukusanyia mkojo kinasubiri amri ya homoni. Ikifika inashika vipokezi vya V2 (sehemu za seli za kupokelea amri hiyo), seli zinapandisha akwaporini-2 hadi kwenye utando wa juu, hivi ni vitundu vya protini vya kupitishia maji tu, basi maji yanavutwa ndani yanarudi kwenye damu. Dawa inafanya hivyohivyo. Unameza, baada ya saa moja hivi ukienda chooni mkojo ni kidogo na una rangi ya njano, na ukiwa umeishi na mkojo wa maji matupu ile njano unaifurahia aisee 😂 Halafu presha haipandishi kama vasopresini ya kawaida maana vipokezi vya V1, vile vya kubana mishipa ya damu, haivigusi sana, na inakaa masaa mengi wakati ile ya mwilini inaisha ndani ya dakika chache.

Ya kupuliza inafanya kazi kwa dozi ndogo sana, mikrogramu 10 tu wakati kidonge ni 100 au 200, kwa sababu tumboni karibu yote inaharibika. Lakini ukipata mafua pua ikaziba ndo basi, haiingii vizuri na usiku mzima unaamka. Kidonge nacho ukimeza na chakula kinapungua nguvu, ila hilo unaweza kulipanga.

Nyota niliyoikata kwenye vidonge ni hii, dawa haina breki. Homoni ya kawaida damu ikishakuwa na maji ya kutosha ubongo unaacha kuitoa, kidonge hakijui hayo, kinaendelea kubana tu. Ukinywa maji kwa mazoea (na sisi wa ugonjwa huu tumezoea kutembea na chupa) maji yanajaa, sodiamu inashuka chini ya 135, kichwa kinauma, kichefuchefu, ikizidi unachanganyikiwa mpaka degedege. Mimi nakunywa nikisikia kiu tu, na daktari alinielekeza niache dawa iishe nguvu, nikojoe sana kwanza, ndo nimeze nyingine. Onyo kama hilo wameliweka kwenye karatasi ya ndani kwa herufi za sisimizi, lingekaa juu ya boksi kabisa.

Na kama ni ya mtoto anayekojoa kitandani, ya kupuliza achaneni nayo, ulizieni vidonge, na maji apunguziwe kuanzia saa moja kabla ya kumeza mpaka masaa 8 baadae.