Dar, Nairobi, Kampala, Kigali: pesa uibebe vipi?

Ukienda kwa basi kutoka Dar hadi Kigali kwa kuzungukia Nairobi na Kampala, unapita fedha nne: shilingi tatu zenye jina moja na thamani mbalimbali, kisha faranga ya Rwanda. Kila unapobadili, unaacha kidogo mezani kwa anayekubadilishia. Njia hii naipita nikifuata mzigo Eastleigh ya Nairobi na Kikuubo ya Kampala, na mpangilio ulio hapa chini nimeupima kwa swali moja: Jumamosi jioni, benki zimefungwa, kipi kitanilaza na kunilisha?

1. Kadi za benki, mbili

Nasema mbili, za benki tofauti, na zisikae pochi moja. ATM ya Kampala iliwahi kumeza kadi yangu saa kumi na moja jioni ya Jumamosi. Nikabaki nimeshika risiti isiyo na pesa, mlinzi ananiambia nirudi Jumatatu. Chumba nililipia kwa kadi ya pili iliyokuwa chini kabisa ya begi, ndani ya soksi. Tangu siku ile natoa pesa kwenye ATM iliyo ukutani mwa tawi, na saa za kazi, ili ikimeza nigonge mlango.

Kadi iwe ya Visa au Mastercard, na kabla hujaondoka hakikisha benki yako imeifungulia matumizi ya nje. Hili wengi hulisahau, wakakwama Nairobi siku ya kwanza. Laini yako ya nyumbani nayo iendelee kupokea ujumbe, maana namba za uthibitisho zinakuja huko.

Makato yanaweza kutoka pande mbili, benki yako na mwenye ATM, na mara nyingi sehemu yake haijali umetoa kidogo au kingi. Kwa hiyo toa mara moja cha kutosha siku kadhaa. Mashine ya Kampala ikikuuliza ukatwe kwa shilingi ya Tanzania au ya Uganda, chagua ya Uganda. Ukichagua ya nyumbani, kiwango anakupangia mwenye mashine, na hapo ndipo pesa huliwa.

2. Dola taslimu

Hii ni akiba. Unakatwa ukiinunua Dar na unakatwa tena ukiiuza Kampala, ila haihitaji mtandao wala namba ya siri. Chukua noti za 100 na 50, maana ndogo hupewa bei ya chini. Za 100 ziwe zile zenye utepe wa buluu, zilizoanza kutoka 2013.

Zikague dirishani kabla hujasogea. Niliwahi kurudishiwa noti Nairobi kwa sababu ya kimhuri cha wino kisichozidi punje ya mchele. Yule dada wa dirishani aliigeuza kwenye mwanga, akaipitisha kidole, akaisukuma kwangu bila neno. Iliyochanika, iliyochorwa, iliyokunjwa hadi ikafifia, usiipokee. Kumbuka pia kwamba Tanzania tangu Machi 2025 bidhaa na huduma za ndani hulipwa kwa shilingi, kwa hiyo dola zitakazobaki utazipeleka benki au duka la fedha.

3. Pesa ya simu

Kwa anayekaa Nairobi wiki mbili bila kwenda kwingine, hii ningeiweka ya kwanza. Wakenya wana M-Pesa tangu 2007, na hata muuza sukumawiki ana namba ya till, yaani ya kulipwa kwa simu. Uganda na Rwanda kuna MoMo ya MTN na Airtel Money. Tatizo la msafiri wa nchi nyingi ni kwamba kila mpaka unadai laini mpya, isajiliwe kwa pasipoti, na salio unaloliacha humo ni shida kulifuata. Toa lote kabla ya kuvuka.

4. Vijana wa mpakani

Namanga, Busia, Mutukula, watakukimbilia kabla basi halijasimama. Badili ya chakula na bodaboda tu. Kiwango cha siku uwe umekiangalia mapema, hesabu upige kwenye simu yako, si kikokotoo chake. Pokea zake kwanza, zikunjue moja moja kwa sababu noti iliyokunjwa katikati huhesabiwa mara mbili, ndipo utoe zako. Akikuharakisha, rudisha pesa yake uondoke.

Faranga nayo usije nayo Dar, kupata wa kuinunua kwa bei ya maana ni kazi. Mimi huimalizia Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali: tiketi ya basi la kurudi, maji, chapati mbili za njiani kuelekea mpaka wa Rusumo.