Mkeka wa ukindu au mkeka wa mpira: upi wa yoga ya kila siku?

Kwa anayetaka kuingiza yoga katika siku yake ya kazi, dakika kumi asubuhi na tano mchana afisini, vifaa ni vichache: sakafu, kanga mbili na kitu cha kutandika. Kwenye kutandika ndiko pesa zinakopotea.

Mkeka ule mnene wa mpira wa sponji, milimita 10, ulioandikwa NBR kwenye lebo, ndio unaouzika kwa sababu ukiubonyeza kwa kidole unapendeza. Kwa yoga haufai. Ukisimama kwa mguu mmoja unyayo unazama, kifundo kinahangaika kutafuta mizani, na akili inakwenda huko badala ya kubaki kwenye pumzi.

Wa PVC (plastiki laini) wa milimita 4 hadi 6 unashika vizuri kwa mikao ya kusimama. Mingi ina urefu wa sentimita 173 hivi, kwa hiyo mtu mrefu akilala visigino vinatoka nje. Ukiwa mpya hunuka na huteleza. Ufute kwa maji na sabuni kidogo, uuanike kivulini, maana jua kali huukakamaza. Usiupande na mafuta ya nazi miguuni. Wala usiuviringishe ukiwa na jasho: wakati wa masika koga hushika upesi, na harufu yake haitoki.

Mkeka wetu wa ukindu, kwa kukaa na kulala, unaishinda yote miwili. Unapitisha hewa, hivyo mgongo haulowi hata joto la kaskazi likipamba moto. Chagua wenye ukili (utepe uliosukwa) mwembamba na mishono ya karibu karibu. Ukili mpana ulioshonwa kwa haraka hufumuka pale magoti yanapokanyaga. Ukiwa wa rangi, usugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholoa: rangi ikitoka hapo, kwa jasho itahamia kwenye nguo. Udhaifu wake ni kuteleza juu ya marumaru. Ukisukuma kwa mikono na miguu kiuno kikiwa juu, mkeka na wewe mnaondoka pamoja. Tandika PVC chini yake, au mkao huo ufanyie ukutani. (Msala uacheni na kazi yake.)

Kwa kukaa, kunja kanga mbili, uziweke chini ya makalio. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mgongo unapinda na pumzi inakuwa fupi. Wengi hapo hudhani hawana subira, kumbe wamekaa vibaya. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, mara kumi. Kikija kizunguzungu umelazimisha. Shuka hadi 3 na 4.

Afisini mkeka hauhitajiki kabisa, na aliyevaa buibui au kanzu hana haja ya kujikunja sakafuni. Weka viganja ukingoni mwa meza isiyosogea, rudi nyuma hatua mbili, sukuma nyonga nyuma mpaka mgongo unyooke, uvute pumzi tano. Kiti chenye magurudumu usikishikilie.

Ukiagiza mkeka wa ukindu kwa msusi, mwambie urefu wa sentimita 190 na upana wa 75, apindie kingo kwa kitambaa. Kingo zisizopindwa ndizo zinazoanza kunyambuka.