Ukoko ulioungua kwenye sufuria ya stenlesi: uzoefu wangu na beking soda, siki, ndimu na majivu

Vitu hivi vinne nimevitumia kwenye sufuria za stenlesi zilizounguliwa na maharage, uji, maziwa na shira. Nikiambiwa nibaki na kimoja tu, ni beking soda, tena ya kuchemsha, si ya kunyunyiza na kusugua. Siki ni ya pili. Ndimu ni ya kumalizia. Majivu nitayasema mbele.

Kwanza hakikisha sufuria ni stenlesi kweli. Nyingi zinazouzwa sokoni ni alumini: nyepesi, zimefifia, ukingo unapindika kwa mkono. Soda ikichemka ndani ya alumini huifanya nyeusi. Halafu soma pakiti vizuri, kwa sababu beking pauda si beking soda. Ndani yake kuna asidi na wanga, na kwa ukoko haisaidii kitu.

Acha sufuria ipoe yenyewe. Kumwagia maji baridi sufuria ya moto kunapinda kitako, na kikishapinda hakikai sawa tena jikoni. Ikipoa, mimina maji yafunike ukoko na kuzidi kama sentimita 2, kisha weka soda vijiko 3 vya chakula kwa kila lita, maji yakiwa bado baridi. Ukiitia kwenye maji yanayochemka, povu litapanda na kumwagika jikoni. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15, zima, funika, uache mpaka maji yawe vuguvugu. Kuchemsha ndiko kunakoipa soda nguvu: joto huifukuza hewa ya kaboni dayoksaidi na kuigeuza kuwa kabonati, ambayo ni kali zaidi na inalegeza mafuta na protini iliyoganda. Sukuma ukoko kwa mwiko wa mbao. Wa maziwa na uji hubanduka vipandevipande. Wa maharage mara nyingi unataka raundi ya pili, na hapo mwaga maji ya kwanza, usiongeze soda juu yake.

Kinachobaki kimeng'ang'ania, kipake uji mzito wa soda, vijiko 3 kwa kijiko 1 cha maji, ukae nusu saa au usiku mzima, kisha sugua kwa dodoki. Steliwaya siishauri kabisa. Inakwaruza, na vichembe vyake vya chuma vikibaki kwenye mikwaruzo vinashika kutu, halafu unadhani ni sufuria inayooza. Shira iliyoungua haihitaji haya yote ikiwa haijageuka mkaa: maji ya moto peke yake huiyeyusha.

Siki ina kazi nyingine. Ukoko ukishatoka, mara nyingi hubaki rangi za upinde wa mvua, au utando mweupe kama chokaa, hasa kwa wanaopikia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Hapo soda haifui dafu. Tia kikombe 1 cha siki nyeupe kwa vikombe 2 vya maji, pasha dakika 5, mwaga, suuza, kausha kwa kitambaa palepale ili matone yasiache alama mpya.

Ninachokipinga kwa nguvu ni ule ushauri wa kuchanganya soda na siki kwa pamoja. Povu linavutia macho, lakini asidi na besi zinauana, na ndani ya dakika chache unabaki na maji yenye chumvi dhaifu. Umepoteza vyote viwili. Soda kwanza, suuza, ndipo siki.

Ndimu iliyokatwa nusu inafanya kazi ileile ya siki kwenye madoa madogo, na harufu yake ni nzuri. Ukwaju uliorowekwa pia unafaa. Majivu ya kuni yana kabonati ya potasi, kwa hiyo yanakata mafuta kweli, na bibi zetu hawakukosea. Ila yachekeche kwa kitambaa kwanza, na yatumie nje tu, kwenye masizi. Ndani yataacha mikwaruzo myembamba unayoiona ukigeuza sufuria juani.

Mafuta ya kahawia yaliyogandia nje karibu na mishikio ndiyo magumu kuliko yote. Uji wa soda unayatoa nusu, kwa siku mbili tatu. Kitako kikiwa na tabaka la alumini linaloonekana pembeni, usikilowanishe kwa soda.

Na vishimo vidogo kama ncha ya sindano ndani ya kitako havitoki kwa dawa yoyote. Hivyo ni chumvi iliyotiwa kwenye maji baridi ikatulia chini. Itie maji yakishachemka, ukoroge.