Kitanzi cha waya mguuni: uzoefu wangu na daktari wa mifugo anayefika nyumbani

Kliniki ninayoieleza hapa sitaitaja jina, kwa sababu pamoja na sifa nyingi inazostahili, nina malalamiko ambayo bado hatujayamaliza. Itoshe kusema kwamba iko Jinja, Uganda, ina daktari mmoja wa mifugo na msaidizi wake, na kwamba daktari humfuata mgonjwa nyumbani kwa pikipiki ukishalipia ziara.

Mgonjwa wetu ni Simba, mbwa dume wa kienyeji mwenye umri wa miaka 4. Mwezi wa Machi tulikwenda kuwatembelea jamaa upande wa Najjembe, na jioni nikatoka na binti yangu pamoja na mbwa kutembea katika njia ya kijiji inayopita pembezoni mwa msitu wa Mabira. Simba aliingia vichakani akifuata harufu, na muda si mrefu tukasikia mlio mwembamba usiokatika. Tulimkuta amenaswa mguu wa nyuma wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, katika kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, cha aina ile ambayo wawindaji huwategea paa na nguruwe mwitu. Kadiri alivyovuta ndivyo kilivyozidi kukaza. Hatukuwa na koleo. Binti yangu alimfunga mdomo kwa leso yake, maana hata mbwa mpole huuma akizidiwa na maumivu, nami nikamsogeza mwili kuelekea kwenye shina alikofungwa ili waya ulegee, kisha nikalifungua fundo kwa ncha ya ufunguo wa gari.

Kidonda chenyewe kilionekana cha kawaida: mstari mwembamba kuuzunguka mguu, kana kwamba mtu alikuwa ameufunga uzi mwekundu, na damu kidogo tu. Nilikuwa tayari nimeshika chupa ya spiriti na nusu ya kidonge cha ibuprofeni nilipompigia daktari, na hapo ndipo huduma yake ilipoanza kunipendeza. Aliniuliza mbwa alinaswa kwa muda gani, kama vidole vya mguu vilikuwa na joto, na kama kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa karibu. Kisha akasema, “Mzee, hiyo dawa ya watu irudishe kabatini.” Alinieleza kwamba ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kwamba spiriti huunguza nyama inayojaribu kupona. Tulichotakiwa kufanya ni kuchemsha maji nusu lita, kutia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kuyaacha yapoe na kukiosha kidonda kwa hayo, bila kukaza bandeji.

Asubuhi tulifika kliniki. Simba alichomwa sindano ya usingizi, akanyolewa manyoya ya mguu na kidonda kikasafishwa, lakini hakikushonwa. Nakiri kwamba nilikasirika, kwa kuwa nilidhani nimelipia kazi kamili nikapewa nusu. Daktari alieleza, bila haraka wala dharau, kwamba waya haukati ngozi tu. Hubana mishipa ya damu, na nyama iliyokosa damu haijionyeshi siku ya kwanza, kwa hiyo anayeshona mapema huufungia uozo ndani. Siku ya tatu nilimwelewa. Ngozi iliyouzunguka mguu ilikuwa imegeuka nyeusi na kuanza kunuka, naye akaiondoa kwa mkasi barazani kwetu, ikabanduka kama ganda la ndizi ya gonja iliyochomwa, huku chini yake kukiwa na nyama nyekundu iliyokuwa ikitoa damu safi. Aliitazama ile damu, akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiingojea.

Kuanzia hapo alifika kila baada ya siku moja, akaosha, akapaka asali na kufunga bandeji upya. Asali ilifanya kazi vizuri mno, ila hakuna aliyetuonya kuhusu sisimizi. Usiku wa kwanza walipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wa mbwa, ikabidi mke wangu auzungushie majivu. Baada ya ziara ya nne daktari alimfundisha binti yangu kazi ile, akimsimamia hadi aliporidhika, na ziara zilizofuata zikageuka kuwa picha za simu alizotumiwa kila jioni. Alizijibu zote, hata ya Jumapili. Siku ya 34 kidonda kilikuwa kimefunga.

Sasa malalamiko. Kliniki ilituuzia kwa shilingi 35,000 kola ya plastiki, ile inayovaliwa shingoni ili mbwa asilambe kidonda. Ilikuwa fupi. Kola inapaswa kuipita ncha ya pua, lakini hii iliishia kwenye macho, na kwa siku mbili Simba alijikunja akalamba bandeji hadi ikafunguka. Niliporudi kuibadilisha, msaidizi alisema bidhaa iliyotumika hairudishwi. Mwishowe tulichukua ndoo ya plastiki ya lita 5, tukaikata kitako, tukazungushia kitambaa kwenye ukingo na kumvisha kwa mkanda wake wa shingoni; ilimkaa vizuri kuliko ile ya dukani, ingawa alikuwa akigonga kila mlango aliopita.

Jambo la pili ni bei. Niliambiwa ziara moja ni shilingi 30,000, lakini hakuna aliyenieleza kwamba bandeji na sindano za antibiotiki huhesabiwa pembeni, na bili ya wiki ya kwanza ikakaribia mara mbili ya nilichokuwa nimetenga. Atakayemwita daktari wa namna hii aulize gharama ya ziara pamoja na vifaa vyake kabla pikipiki haijaondoka kliniki.

Simba anakimbia tena, ingawa asubuhi za mvua huchechemea hatua chache za kwanza, na manyoya hayajaota pale waya ulipopita. Kwa upande wa matibabu ningempigia daktari huyu tena leo hii. Risiti ya ziara ya tatu na ya nne sijaipata. Nimeshawakumbusha mara mbili.