Matembezi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo: Huduma Nzuri Inayokwepa Swali Moja

Jumamosi iliyopita nilijiunga na matembezi ya kihistoria yanayoongozwa na kikundi cha vijana wa Bagamoyo, kwa shilingi 25,000 kwa kila mtu, kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, hadi ufukweni. Tuliahidiwa kuanza saa mbili asubuhi, tukaanza saa tatu kasoro dakika kumi, na kwa kuwa tulikuwa watu kumi na wanne nyuma ya kiongozi mmoja, waliokuwa mkiani walisikia upepo zaidi kuliko historia.

Thamani ya matembezi haya iko ufukweni, penye jengo la zamani la forodha ya Wajerumani, jirani na soko la samaki. Hapo kiongozi alifungua leso, akatoa sarafu ya shaba ya pesa moja ya mwaka 1890, akaipitisha mkono kwa mkono. Upande mmoja una tai na jina, kwa Kijerumani, la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu, ambayo mzee mmoja miongoni mwetu aliyasoma polepole, akatuambia kwamba ni neno lile lile lililotupa sisi neno "shirika". Shaba ile haina jina la sultani wala la mfalme. Ina jina la kampuni.

Simulizi lililofuata lilisimuliwa vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia darasani. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha kampuni hiyo utawala wa mwambao, pamoja na haki ya kukusanya ushuru wa forodha, kwa miaka 50. Agosti mwaka huo huo bendera ya kampuni ilipandishwa Pangani, na pwani ikawaka moto, Abushiri bin Salim akiwa mbele. Kampuni iliyojinadi kuwa inaweza kutawala ilishindwa kujilinda, ikakimbilia serikali yake. Januari 1889 bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, ofisa wa Kijerumani Hermann Wissmann akaja na askari, na Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikauchukua utawala, huku kampuni ikiendelea na biashara yake.

Tukiwa tunasikiliza hayo, karani wa ushuru wa soko alikuwa akimtolea mama mmoja stakabadhi ya ndoo ya vibua, karatasi ikijikunja kutoka kwenye mashine. Kiongozi akamnyooshea mkono kwa heshima, akasema, "Ushuru wa mama huyu unakwenda halmashauri. Mwaka 1888 ungekwenda kwa wenye hisa." Kwa sentensi hiyo peke yake, ada yangu ilikuwa imekwisha kulipa.

Ndiyo maana nilisikitika nilipouliza kuhusu bandari iliyopangwa kujengwa Mbegani, kilomita chache tu kutoka tulipokuwa tumesimama, naye akacheka na kusema, "Hilo, mwalimu, waulize wakubwa." Makubaliano yake na wawekezaji wa China yalitiwa saini mwaka 2013, wa Oman wakajiunga baadaye, mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani masharti aliyoyakataa, likiwamo la ukodishaji wa miaka 99, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza nia ya kuufufua mradi. Hakuna siri hapo, na mgeni aliyetoka kuishika shaba ile mkononi hawezi kuacha kuuliza.

Mimi si miongoni mwa wanaotaka makampuni yafungiwe mlango. Tuna Baraza la Taifa la Biashara tangu mwaka 2001, ambako wafanyabiashara huzungumza na serikali chini ya uenyekiti wa Rais, na mwenye kiwanda anaijua kero ya kodi kuliko mtunga sera. Lakini kumsikiliza mfanyabiashara ni jambo moja, na kumkabidhi kasha la forodha, au kalamu ya kuandika sharti linalomfunga mjukuu wako, ni jambo jingine kabisa. Tofauti hiyo niliielewa vizuri zaidi pale sokoni kuliko katika semina yoyote niliyohudhuria.

Natoa nyota nne kati ya tano. Atakayekwenda aombe kikundi cha watu wasiozidi saba, asimame karibu na kiongozi, na aombe mapema kuonyeshwa ile shaba, maana niliambiwa kuwa siku nyingine huachwa nyumbani.